Akina Mama Kushoto, Akina Baba Kulia

Juzi niliona vijana wawili kwenye bodaboda moja, njia ya kuelekea mpakani, dereva na abiria wake, wamegawana waya mmoja wa masikioni. Dereva kachukua wa kulia, abiria kachukua wa kushoto, na wote wanatikisa vichwa kwa raha zao. Nilitamani kuwasimamisha. Nilitaka kuwaambia kwamba hakuna hata mmoja wao anayesikia wimbo mzima, kwamba huenda huyu ana gitaa na mwenzake ana mwimbaji, na kwamba kuna mtu mahali fulani alitoka jasho ili pande hizo mbili zisichanganyike. Pikipiki ikanipita, nikabaki na hotuba yangu mdomoni. Basi nawamwagia ninyi.

Mimi ni fundi redio mstaafu. Naitwa Lusia, Mnyiha wa Ruanda kule Mbozi, mtoto wa wakulima wa kahawa, ila maisha yangu ya kazi yote yamepita hapa Tunduma. Nilikuwa na kibanda cha mbao karibu na soko, na juu ya mlango nilitundika kibao nilichokipaka rangi mwenyewe: LUSIA FUNDI REDIO, DEKI NA AMPLIFAYA. Nilikipenda kile kibao kuliko gauni langu la Krismasi. Wateja wa mara ya kwanza walikuwa wakiingia, wakinitazama, kisha wakiniuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawajibu kwamba fundi katoka kidogo, waniachie tu mzigo, nitampa. Wakirudi na kukuta redio inaimba, wananiambia nimsalimie fundi.

Mjue kwamba biashara ilipofunguliwa, mpaka wetu ulikuwa kama bomba lililopasuka. Kutoka upande wa Zambia zilikuja amplifaya za kila aina, nyingine nzito za miguu ya mbao, zilizokwisha kutumika na watu wa migodini huko Copperbelt. Mtu aliuza magunia yake ya mahindi, akavuka Nakonde asubuhi, mchana anarudi amebeba stereo kichwani na tabasamu. Nyumbani anawasha, majirani wanajaa sebuleni, wanakaa kimya kutazama spika mbili kana kwamba kuna mtu atatokea katikati yake.

Na kweli anatokea. Ndiyo raha ya stereo. Upande wa kushoto una njia yake, upande wa kulia una njia yake, na kila njia ikibaki na mambo yake, sikio lako linamwona mpiga gitaa amekaa hapa na mwimbaji amesimama pale. Njia zikianza kuvujiana, watu wote wanasogea katikati na kubanana. Mara nyingi uvujaji huo hautokei kwenye spika. Unatokea mwanzoni kabisa, kwenye priampu, pale sauti inapoingia ikiwa bado changa, kabla haijapewa nguvu. Sauti changa inaibiwa kirahisi sana.

Haya yote nilifundishwa na Ba Chanda. Alikuwa Mbemba, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa waya, aliyefanya kazi ya simu za waya huko kwao, kisha akamfuata mke wa Kinamwanga upande huu na hakurudi tena. Alinipokea nikiwa sijui hata kushika chuma cha kuchomelea risasi. Siku ya kwanza nilikishika mahali pasipostahili, na Ba Chanda akasema vizuri, hilo somo limekwisha.

Alikuwa hapendi mtu akimbilie mita ya kupimia umeme. Alisema mita itakuambia namba na wewe bado hujajua unatafuta nini. Kwanza sikiliza. Unachomoa waya wa kulia kwenye deki, ile njia ya kulia unaifunga kwenye athi, yaani waya wa ardhi, ili isipokee kitu, unacheza kaseti upande wa kushoto peke yake, halafu unaenda kutega sikio kwenye spika ya kulia, ambayo inatakiwa iwe kimya. Ukisikia kitu, hicho ndicho kinachovuja, na namna kinavyovuja inakuonyesha mwizi. Zikivuja sauti nyembamba tu, matoazi, filimbi na wanawake, tafuta nyaya zinazolala kitanda kimoja. Ikivuja ngoma na besi, angalia kapasita kubwa ya umeme, imekauka. Vikivuja vyote kwa usawa, basi pande mbili zinatumia waya mmoja wa athi, na mahali fulani waya huo umeshikwa vibaya. Vijana, hilo nawapa bure. Mimi nililipata kwa kuchota maji ya Ba Chanda karibu mwaka mzima.

Makosa nilifanya, tena ya kuchekesha. Kuna wakati nilijifunza habari ya waya wa ngao, ule wenye nyuzi za shaba zilizouzunguka, nikaona nimefika. Nikabadilisha nyaya zote za amplifaya ya mteja nikaweka huo, na kila waya nikaufunga athi pande zote mbili, huku na huku, kwa moyo mweupe. Nilipowasha, amplifaya iliunguruma kama lori la mizigo linapanda mlima. Ba Chanda alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Kisha akachukua mkasi, akakata athi ya upande mmoja wa kila waya, na ngurumo ikafa. Athi ya ngao inafungwa upande mmoja tu. Ukifunga pande zote mbili umetengeneza mzunguko, na umeme wa nyumba utazunguka humo unavyotaka.

Msidhani kila mteja alitaka pande zitengane. Mwenye baa mmoja, nimsitiri jina, alinunua stereo safi kabisa, isiyovuja hata tone, akaweka spika ya kushoto ndani na ya kulia uani. Kaseti alizokuwa nazo zilirekodiwa kizamani, mwimbaji upande mmoja na vyombo upande wa pili. Kwa hiyo waliokaa ndani walipata gitaa na ngoma bila mwimbaji, na waliokaa uani walipata mwimbaji anaimba peke yake kama mtu aliyefiwa. Ndani wanacheza, uani wanalia kwenye bia. Alikuja kwangu akinituhumu kwamba nimemuuzia mashine nusu, na mimi hata sikuwa nimemuuzia. Nilimwekea swichi ya kuunganisha pande mbili kupitia rizista mbili za kupunguza nguvu ya umeme. Tafadhali msiunganishe kwa waya mtupu, mtaua upande mmoja. Usiku wa kwanza mwimbaji alipoingia ndani, naambiwa watu walimpigia makofi.

Sasa nije kwa Enoki.

Kanisani kwetu kulikuwa na kwaya, na mimi niliimba sauti ya pili. Mwalimu wetu, Mwalimu Yona, alikuwa Mndali wa Itumba kule Ileje, mtu mfupi mwenye masikio makali. Mwaka huo kwaya za wilaya mbalimbali zilialikwa kwenye tamasha huko huko Itumba, kwao, mbele ya mama yake mzazi na shangazi zake wote. Hakuwa tayari kuaibika. Tatizo letu lilikuwa mazoezi, maana watu wana mashamba, wana maduka, wengine wanavuka mpaka kila siku. Ndipo nikatoa wazo langu, na hadi leo najisifu kwalo.

Nilirekodi kaseti ya mazoezi, akina mama kushoto, akina baba kulia. Ili tusichanganyike, akina mama tulibaki kanisani na akina baba wakaingia chumba cha wazee wa kanisa, na Mwalimu Yona akasimama mlangoni katikati, mkono huu akituongoza sisi, mkono ule akiwaongoza wao, kama mtu anayefukuza nyuki pande mbili. Mimi nilitega maikrofoni zote, nikabonyeza deki, nikakimbia kwenye nafasi yangu, na kwa haraka nikasimama karibu mno na maikrofoni yetu. Ndiyo maana katika kaseti ile, upande wa kushoto, sauti yangu imewafunika wenzangu wote. Niliomba radhi, nikasamehewa. Kila mwenye stereo akapata nakala. Mwanamke akitaka kujifunza anazungusha balansi kushoto, anawapata akina mama peke yao. Mwanamume anazungusha kulia. Mtaa mzima ukawa unafanya mazoezi huku unapika.

Kwaya ilinyooka ndani ya muda mfupi, isipokuwa mtu mmoja. Enoki alikuwa na mashine ya kusaga unga upande wa barabara ya Mpemba, kijana mpole, mrefu, mwenye unga kwenye nyusi hata siku ya Jumapili. Aliwekwa sauti ya nne kwa sababu ya kifua chake. Alikuwa na amplifaya nzuri ya kutoka ng'ambo na kaseti yangu. Lakini tukianza kuimba, sauti ya nne inakwenda chini, na Enoki anapanda na kushuka kwa njia yake mwenyewe, kwa sauti nene kabisa. Mwalimu Yona alisimamisha kwaya, akamtaka aimbe peke yake. Akaimba. Ilikuwa sauti ya pili, noti kwa noti, imeshushwa tu chini kwa kiume.

Watu walicheka mpaka mzee wa kanisa akachungulia. Mwalimu hakucheka. Alisema tamasha ni jambo zito, na kama Jumamosi ifuatayo Enoki hataweza kuimba sauti ya nne peke yake mbele ya wote, Itumba atapasikia kwa watakaorudi. Enoki aliinamisha kichwa, unga ukadondoka.

Hapo ndipo ufundi ukanipanda kichwani. Nilisimama nikasema kosa si la Enoki. Nikawaeleza kwamba amplifaya yake inavuja, kwamba anazungusha balansi kulia kama alivyoagizwa, lakini sauti nyembamba za akina mama zinapenya na kumwingia sikioni bila yeye kujua. Jamaa mmoja wa sauti ya tatu akauliza kwa sauti tangu lini redio ikamfundisha mtu mzima kuimba kama mwanamke, na kwamba huo ndio ufundi wa kibao kilichopakwa kwa mkono. Damu ilinichemka.

"Mwalimu," nikasema, "leteni hiyo amplifaya kwangu. Jumamosi asipoimba sauti ya nne, nashusha kibao changu, na siku hiyohiyo narudi Ruanda kuchuma kahawa."

Nilisikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha. Kwaya nzima ilikuwa shahidi.

Enoki aliileta kesho yake kwa toroli, imefunikwa shuka safi. Nilifanya kile kipimo cha Ba Chanda, nikatega sikio kwenye spika ya kulia, na nikajisikia mwenyewe. Mbali, nyembamba, lakini ni mimi, naimba sauti ya pili mahali nisipotakiwa kuwapo. Nilifurahi mpaka nikaruka. Inavuja, tena inavuja juu tu, maana nilipogeuza kipimo wanaume wanene hawakuvuja. Nyaya zinalala kitanda kimoja. Nikafungua kifuniko, na furaha ikapungua.

Ndani, kutoka kwenye matundu ya kuingizia sauti hadi kwenye voliumu, nyaya za kushoto na kulia zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi wa viatu uliopakwa nta ya mshumaa, fundo baada ya fundo, kwa unadhifu wa kushangaza. Mafundo yale niliyafahamu. Ni mtu mmoja tu mpakani aliyefunga nyaya namna ile, na mtu huyo wakati huo alikuwa ameketi nyuma yangu juu ya kreti, anakunywa chai. Ba Chanda alikuwa amestaafu, lakini alikuwa anakuja kibandani kila asubuhi kuhakikisha sijaunguza mji.

Kwenye simu za waya, kila jozi imesokotwa peke yake, kwa hiyo ukizifunga pamoja hazidhuriani. Kwenye priampu ile nyaya zilikuwa zimenyooka tu, kushoto imebanwa kwenye kulia kwa urefu wote, na unadhifu ule ndio uliokuwa unavujisha. Nilikaa na mkasi mkononi nikashindwa kuutumia. Mzee aliweka kikombe chini, akainama kutazama.

"Iwe," akaniita kwa Kibemba chake, "hizo fundo ni zangu."

"Ndiyo, mukwai," nikamjibu kwa heshima ya kwao.

"Ni nzuri."

"Nzuri sana."

Akaniomba nicheze tena, akatega sikio lake la uzee kwenye spika ya kulia. Alisikiliza wimbo wote. Kisha akasema nikate, bwino bwino, taratibu, nisijeruhi waya, na uzi wenyewe nimpe. Nilikata, nikaweka waya mpya wa ngao, kushoto ukapita pembeni huku na kulia pembeni kule, athi upande mmoja. Nikabadilisha na voliumu yenyewe maana ilikuwa imechakaa. Nilipowasha, spika ya kulia ilikuwa kimya kama darasa la mtihani. Ba Chanda akasema imepona. Halafu akaweka uzi wake mfukoni, akaniuliza kama mwenye mashine nimempima pia. Nilidhani ananitania.

Enoki alipokuja kuichukua, nilimwonyesha kila kitu kwa majivuno. Nikazungusha kulia, wanaume watupu. Nikazungusha kushoto, wanawake watupu, na mimi mbele yao, safi kabisa, hata pumzi zangu zinasikika. Akaniomba nirudishe kaseti nyuma, hapohapo kushoto, ahakikishe. Nikarudisha. Akasema samahani, fundi, mara moja tena. Nilisema moyoni kwamba huyu ni mteja makini, wateja wote wangekuwa hivi kazi ingekuwa na heshima.

Jumamosi ilifika na jua kali la mchana. Sijawahi kuona kwaya imetimia vile, hata wasiofika mazoezini mwezi mzima walikuwapo. Mwalimu Yona akampa Enoki noti ya kuanzia. Enoki akafumba macho, akaimba.

Sauti ya pili. Safari hii haikuwa na kasoro yoyote. Aliimba na ule mteremko mdogo ninaoufanya mwishoni mwa ubeti, ambao Mwalimu alinikataza mara nyingi. Alivuta pumzi pale ninapovuta mimi. Kichwani nilikuwa naipekua ile amplifaya yote, athi, kapasita, voliumu, sioni pa kulaumu. Nikafikiria labda mashine ya kusaga imemla masikio. Yule jamaa wa sauti ya tatu alikuwa anatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Mwalimu Yona alinigeukia, na kusema haki hakuwa na furaha. Alisema anasikitika, lakini watu walisikia nilichoahidi. Nilisimama. Nilijua nikizungumza nitalia, na sikutaka kulia mbele ya sauti ya tatu. Nikasema tu kwamba jioni nitakuja na nyundo, na atakayetaka mbao za kibao achukue.

"Asishushe," akasema Enoki.

Alisema kwa ile sauti yake nene, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza kanisani bila kuulizwa.

"Fundi ameitengeneza vizuri, Mwalimu. Haivuji hata kidogo. Mimi huwa nasikiliza upande wa kushoto."

Mwalimu Yona alikunja uso. "Upande wa kushoto ni wa akina mama, Enoki. Niliwaambia."

"Najua, Mwalimu."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mama mmoja wa sauti ya kwanza, alitoa kigelegele kirefu, na baada ya hapo sikusikia tena kitu. Watu waligonga viti. Jirani yangu alinifinya mkono mpaka ukabaki na alama. Mwalimu Yona alijaribu kushika uso wake mkali, ukamponyoka, akageukia ukutani mabega yakimcheza. Mimi nilisimama palepale, uso unawaka, nimefurahi na nimeaibika na nimefurahi tena, huku Enoki akitazama viatu vyake kama mtu aliyekabidhi silaha.

Mwalimu akampa siku chache zaidi, kwa sharti kwamba fundi amsimamie mwenyewe. Nikaenda hadi kwake, nikamkuta na kaseti yangu, na balansi imezungushwa kushoto mpaka mwisho. Nilichomoa waya wa spika ya kushoto, nikauviringisha, nikautia mfukoni mwa aproni yangu. Nikamwambia ataishi na wanaume wenzake mpaka atakaponyooka. Akanyooka. Itumba aliimba sauti ya nne kwa kifua chake chote, mama yake Mwalimu akasimama kumtunza.

Ule waya alikuja kuniuliza tuliporudi, na mara nyingi baada ya hapo, na kila mara nilimwambia bado naufanyia uchunguzi. Nilimrudishia siku ya harusi yetu.